Ciao ya Malindi si ciao ya Venice

Mjadala wa shikamoo haufi. Kila baada ya muda huzuka tena, na huzuka na hoja ileile: kwamba neno hilo limetokana na "nashika miguu yako", kwamba lilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, na kwamba mtu huru hana sababu ya kuendelea kulitamka. Wazee hujibu kwa hasira, walimu wa Kiswahili hujibu kwa kamusi, na wapo wanaojibu kwa dini. Kisha moto huzimika, watu hurudi kwenye shughuli zao, na watoto wa Malindi huendelea kama walivyozoea: asubuhi shikamoo kwa bibi, halafu wakishatoka mlangoni, ciao kwa Mtaliano wa kwanza atakayepita.

Ni hiyo ciao ninayotaka kuishika leo. Katika mjadala wote huo sijasikia mtu akiitaja, nayo ndiyo iliyostahili kufikishwa barazani kwanza. Ikiwa neno huhukumiwa kwa nasaba yake, basi nasaba ya ciao ni ya utumwa mtupu, tena imeandikwa, haihitaji kubahatishwa. Na hapa kwetu hutamkwa mchana kutwa, kuanzia mjini hadi Watamu, bila mtu kuulizwa.

Ilizaliwa Venice, mji wa wafanyabiashara wa baharini kama ilivyokuwa miji yetu ya Lamu na Pate. Kwa lugha ya huko, Kiveneti, watu waliamkiana kwa kujishusha: s-ciavo vostro, mimi ni mtumwa wako. Hakuna aliyemaanisha. Tajiri alimwambia tajiri mwenziwe, kila mmoja akashika njia yake. Kwa kusemwa na kusemwa tena maneno yakasagika: vostro ikaanguka, sauti ya katikati ikameguka, ikabaki s-ciao, na mwisho ciao. Katika karne ya 19 ilikuwa imeshavuka mipaka ya Venice na kuzoeleka kaskazini mwa Italia. Karne ya 20 ikawa ya Waitaliano wote, na wahamiaji wao wakapanda nayo meli kwenda Marekani ya Kusini na kwingineko.

Hiyo s-ciavo, ambayo kwa Kiitaliano cha leo ni schiavo, nayo ina yake. Imetoka kwenye Kilatini cha Enzi za Kati, sclavus, na maana yake ya kwanza haikuwa mtumwa. Lilikuwa jina la watu: Waslavi, wale ambao wajukuu zao leo ni Warusi, Wapolandi, Waserbia, Wabulgaria na wengineo. Walitekwa na kuuzwa kwa wingi kiasi kwamba jina la kabila likageuka kuwa jina la hali. Waingereza wakapata slave yao humo, Wafaransa esclave, Wajerumani Sklave. Waarabu wa Andalusi, yaani Hispania ya enzi za Waislamu, waliwaita Saqaliba, wakawafanya walinzi na watumishi wa majumba ya wafalme.

Na Waslavi wenyewe jina lao walilipata wapi? Wataalamu wengi hulihusisha na slovo, yaani neno. Waslavi kwa maelezo hayo ni wenye maneno, watu ambao ukisema nao mnaelewana. Jirani yao Mjerumani, ambaye hawakumwelewa, walimpa jina lenye maana ya bubu, na mpaka leo Warusi humwita nemets. Jina hilo la bubu likasafiri hadi kwa Waarabu, ndiyo maana Austria kwa Kiarabu ni Nimsa. Sasa tazama safari ilivyokuwa. Watu waliojiita wenye maneno walikamatwa wakauzwa, jina lao likawa utumwa, utumwa ukawa adabu ya mabwana wa Venice, adabu ikawa salamu, na salamu hiyo leo inatamkwa na mtoto wa Kigiriama mbele ya kioski cha aiskrimu Malindi. Kwa kila kituo maana imebadilika, na katika kila kituo wasemaji walikuwa na hakika kwamba wanajua wanachosema.

Wala usidhani Waveneti walikuwa peke yao katika kujishusha. Austria na Bavaria watu husalimiana servus, Wahungaria nao wana szervusz, na servus ni Kilatini cha mtumwa, wazi kabisa. Maofisa wa Kiingereza waliotutawala pwani hii walimaliza barua zao rasmi kwa kujiita watumishi watiifu wa yule waliyemwandikia, hata pale barua yenyewe ilipokuwa inamnyang'anya mtu shamba lake. Kujiita mtumwa ni rahisi sana kwa mtu asiyekuwa mtumwa.

Kiswahili chenyewe hakihitaji kuvuka bahari kulionyesha jambo hili. Kitenzi kutuma kimezaa mtumwa, na kitenzi hichohicho kimezaa Mtume. Anayetumwa na Mungu na anayetumwa kisimani na bwana wake wametoka kwenye mzizi mmoja, na tofauti ni mwisho wa neno na nani aliyetuma. Kimezaa pia mtumishi wa umma na tume za serikali zinazoundwa kila kukicha. Sijapata kumsikia mtu akidai tuache kusema Mtume kwa kuwa neno hilo ni ndugu wa mtumwa. Tunajua, bila kufundishwa, kwamba mzizi ni kitu kimoja na matumizi ni kitu kingine. Kwa shikamoo tu ndipo tunapojisahaulisha.

Turudi kwenye ciao, kwa kuwa tabia yake ugenini ina mafunzo. Kwa Mtaliano ni ya kukutana na ya kuagana, yote mawili. Lakini ilipofika nchi za watu, kila nchi ilichukua fungu lake. Wabrazili huandika tchau, na kwao ni kwaheri tu; ukiingia nyumbani kwa Mbrazili ukasema tchau atadhani umekosea mlango. Waargentina wana chau, ya kuagana vilevile. Wabulgaria, Wafaransa na Wajerumani pia huitumia zaidi wakati wa kuondoka. Wacheki, Walatvia na Wahungaria wameichukua yote, ya kuingilia na ya kutokea.

Majirani zetu wa kaskazini ndio wanaonifurahisha. Eritrea ilikuwa koloni la Italia tangu 1890, na Ethiopia ilikaliwa na majeshi ya Italia kuanzia 1936 hadi 1941. Humo mote ciao imebaki, kwa Kiamhari na kwa Kitigrinya, na imebaki kama kwaheri. Mkoloni alikuja na neno la kukaribiana na la kuachana, na wenyeji wakaweka lile la kuachana. Sisemi walikaa kikao wakaamua hivyo, ila ningekuwa mimi ningechagua vivyo hivyo.

Na jihadhari na sauti. Mvietnamu akikukuta atasema chào, nayo ni salamu, lakini haina undugu wowote na Venice. Ni neno la kwao, limetokea kufanana tu. Sisi wenyewe tuna chao yetu, ya ngeli ya ki-vi: chakula chao, chombo chao, chuo chao. Watu wengi wakiona maneno mawili yanafanana hukimbilia kusema hili limetoka kule, na nusu ya mabishano ya lugha barazani, hasa yale ya nani kamwazima nani kati yetu na Waarabu, yanasimama juu ya mfanano ambao hakuna aliyeuchunguza.

Sasa Malindi. Watu wa bara hudhani Waitaliano walikuja kwa ajili ya mchanga na jua. Jua lilikuwepo, lakini mlango ulifunguliwa na roketi. Katika miaka ya 1960 Italia, chini ya profesa Luigi Broglio, ilisimamisha baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya mji, majukwaa ya kurushia setilaiti, kwa kuwa sehemu hii iko karibu na ikweta na roketi ikirushwa kuelekea mashariki hupata msukumo wa mzunguko wa dunia. Mradi uliitwa San Marco, jina la mtakatifu mlinzi wa mji wa Venice, kuleee ciao ilikotoka. Setilaiti ya kwanza iliruka kutoka hapo 1967. Mafundi na wahandisi wakaja na wake zao, wakaandikia ndugu, ndugu wakaja likizo, waliokuja likizo wakajenga. Kilichofuata kila mtu anakijua: piza, kahawa ya kikombe kidogo, mabango ya Kiitaliano barabarani, na vijana wanaopatana bei kwa Kiitaliano cha kunyooka.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka Ngomeni setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo. Aliyeongoza wanasayansi wake alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, ambaye baadaye, 2002, alipata Tuzo ya Nobel. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti ikaitwa Uhuru. Neno lenyewe tulilitoa kwenye hurr ya Kiarabu, mtu asiyekuwa mtumwa, tukalivika kiambishi chetu, na kutoka bahari ya Malindi likapanda juu na kuingia kwenye vitabu vya falaki vya dunia nzima. Basi pwani hii iliwapa wageni neno la uhuru siku ileile ambapo wageni walikuwa wakitufundisha neno la utumwa kama salamu, na pande zote mbili hazikuwa na habari. Nakiri napenda sana kulirudia hili. Wenzangu wa barazani wamechoka nalo.

Historia lakini si utani hapa. Mji wa Malindi tunaoujua ulifufuliwa katika miaka ya 1860, chini ya himaya ya masultani wa Zanzibar, na ulifufuliwa kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya iliondolewa 1907 tu. Kuna familia humu mjini ambazo hazihitaji kamusi kujua neno mtumwa lina uzito gani. Kwa hiyo anayesema shikamoo inamkera simcheki. Ninachobisha ni pale anapolitafuta kosa, kwamba analitafuta kwenye mzizi wakati lingetafutwa kwenye mazungumzo yenyewe: nani analazimika kuanza, nani ana ruhusa ya kujibu vipi, na kinachofuata baada ya salamu ni nini.

Tupime ciao ya ufukweni kwa kipimo hicho. Kiitaliano kina ngazi mbili za kumwambia mtu wewe. Iko "tu", ya rafiki, ndugu na mtoto, na iko Lei, ya mgeni, mkubwa na mtu usiyemzoea. Ciao inakaa kwenye ngazi ya "tu". Kwa mtu mzima usiyemjua unasema buongiorno, na mchana ukigeuka, buonasera. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 anapomwambia mzee wa miaka 70 ciao kwenye mchanga wa Casuarina, kwa adabu za Italia amemwambia imamu "niaje". Kijana huyohuyo hawezi kumpita mzee muuza samaki bila shikamoo. Mama yake angepata habari kabla hajafika nyumbani.

Na mgeni naye hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Msichana wa Kiitaliano, ambaye kwao angemwambia mhudumu wa mkahawa buonasera, hapa anamwambia mhudumu mwenye mvi ciao, na akitaka kuonyesha mapenzi zaidi anamwambia jambo.

Hiyo jambo ndiyo nusu ya pili ya hadithi. Hujambo ni swali lenye ukanusho ndani yake: huna jambo? Nawe unajibu sijambo, sina. Ukiondoa kile kiambishi unabaki na jambo lenyewe, na kwa Kiswahili cha nyumbani ukisema "pana jambo" watu huvaa viatu. Mgeni anateremka uwanja wa ndege, anapokewa kwa tabasamu na tangazo la matatizo. Hakuna Mswahili anayemwamkia Mswahili mwenzake jambo. Tunaambiana habari, hali gani, salaam aleikum, na vijana kwa vijana huambiana mambo. Wingi tumejiwekea wenyewe. Umoja tumewaachia watalii.

Kwa hiyo tazama wawili hawa wanapokutana. Wa hapa anasema Kiitaliano, wa Italia anasema Kiswahili. Kila mmoja amejikakamua kusema lugha ya mwenziwe, na hakuna kati yao anayeamkiwa kwa adabu ya kwao. Mzee wa Kiitaliano amevuliwa umri wake, na mhudumu mwenye mvi amevuliwa wake. Watu huita hali hiyo uchangamfu wa Malindi. Mimi naiona zaidi kama makubaliano ya kibiashara: tusiulizane wewe ni nani kwenu, tuulizane bei.

Hiyo ndiyo maana ya ciao hapa. Mjerumani akipita naye anaambiwa ciao, Mpolandi naye anaambiwa, na huyo Mpolandi, ambaye kabila lake ndilo lililobeba jina la utumwa, anacheka na kujibu. Mkenya kutoka Nairobi akipita na mkoba wa ngozi wa maelfu haambiwi. Anaitwa bosi au mheshimiwa. Ciao ya barabarani Malindi inafuata ngozi na mfuko, na kwa Kiswahili kamili tafsiri yake ni "karibu mteja". Halafu jioni bichi boi yuleyule akiachana na wenzake kwenye kituo cha tuktuk anawaambia "haya, ciao", na hapo ni kwaheri, kama kwa Waethiopia. Kinywa kimoja, siku moja, maneno mawili yanayoandikwa sawa.

Tena tusimdharau mwenye kinywa hicho. Kiitaliano amekipata kwa sikio, bila darasa wala kitabu. Anajua kuuliza mtu anatoka mkoa gani, anajua timu ya mkoa huo, anajua kwamba wa Milan na wa Naples hawataniwi namna moja. Buongiorno anaijua vizuri. Msikilize anapokutana na bibi wa Kiitaliano aliyejenga hapa miaka mingi na anayenunua kwake vinyago vya wajukuu: papo hapo ngazi inapanda, buongiorno signora, na habari za mguu unaouma zinaulizwa. Anayesema ciao kwa wengine si kwamba hakufundishwa. Amepima akaona kwamba kwa mtu wa wiki moja, adabu inachelewesha biashara.

Tatizo langu ni kwingine, na hapa ndipo ninapoirudia shikamoo. Shikamoo ina jibu lake, na jibu si la hiari. Mkubwa akishaamkiwa lazima aseme marahaba, na akishasema amejitwika kitu: atauliza mama hajambo, shule vipi, na siku mtoto huyo akionekana mahali pasipofaa mzee yule ana haki, na wengine watasema ana wajibu, wa kumrudisha. Pili, shikamoo inakusogeza. Anayeitoa leo ataipokea kesho, bila kuomba, kwa kuzeeka tu. Utumwa haukuwa hivyo hata kidogo. Mtumwa mwenye mvi alikuwa chini ya mtoto wa bwana wake. Ikiwa neno lilianzia huko, basi pahali fulani njiani wasemaji walilipokonya: walilitoa kwenye nasaba wakalitia kwenye umri, na umri hauna bwana.

Lamu iliona jambo la namna hiyo likitokea kwa neno jingine. Uungwana pale ulikuwa ukoo kabla ya kuwa tabia. Muungwana alikuwa mtu wa nyumba ya mawe, asiyekuwa mtumwa wala mgeni, na hukuweza kuupata kwa kusema tafadhali. Lakini katika misafara ya karne ya 19 iliyokwenda bara, wapagazi na askari wa pwani, wengi wao watumwa au wana wa watumwa, walijiita waungwana mbele ya watu wa huko, na Kiswahili walichokiacha Kongo mashariki kikaja kuitwa Kingwana. Jina la waliokuwa huru lilichukuliwa na ambao hawakuwa huru, wakalivaa hadi likawaenea. Leo muungwana ni yeyote anayekupisha njiani. Nina hakika wenye nyumba za mawe wa zamani hawangefurahi.

Marahaba yenyewe imepita njia ndefu. Kwa Mwarabu marhaban ni karibu, na mzizi wake unahusu upana: umefika penye nafasi. Mturuki akisema merhaba anamsalimu mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo. Kwa Kiurdu na Kiajemi ni neno la kupongeza, kama hongera au vema sana. Kwetu tumeifungia kwenye chumba kimoja: haianzi, hujibu tu, na haijibu ila kinywani mwa mkubwa. Mtoto akimwambia mtu mzima marahaba watu watacheka au watamkemea. Halafu kwenye maulidi, watu wanaposimama kumpokea Mtume, neno linarudi na maana yake ya Uarabuni, na hakuna anayechanganyikiwa. Lamu wamelisikia kwa maana zote mbili usiku mmoja, miaka na miaka.

Ciao ya ufukweni haisogezi mtu. Haina jibu linalomfunga anayeipokea. Anaweza kucheka, anaweza kupita, anaweza kununua. Na haijali umri. Angalia jina la kazi yenyewe: bichi boi. Wapo wenye miaka 50, wana wajukuu, wamesomesha watoto kwa pesa ya bangili na safari za mashua, na bado ni boi. Nyumbani wanaamkiwa shikamoo, wakivuka barabara kuelekea baharini wanarudi kuwa wavulana. Venice ililitoa neno hili utumwani kwa kulifanya la marafiki, wawili waliolingana, kila mmoja akilisema kwa zamu yake. Malindi tumelichukua neno la watu waliolingana tukaliweka kati ya watu wasiolingana, na sehemu ya mzigo wa zamani imepanda tena mgongoni. Kama kuna salamu ya kinyenyekevu mno katika mji huu, mimi siitafuti kwa bibi.

Najua jibu la wenye hoteli na la vijana wenyewe: kwamba hiyo ni kazi, msimu ni mfupi, na falsafa hailipi kodi ya nyumba. Ni kweli, na sitaki mtu aache kusema ciao. Ninachotaka ni kidogo mno. Wanaofundisha vijana utalii wawaambie habari za "tu" na Lei, wasiwape orodha ya vyakula tu. Na wageni wanaoandaliwa kuja hapa waambiwe kwamba hujambo ina kiambishi, na kwamba mhudumu mwenye mvi ana salamu yake, shikamoo, ambayo Mtaliano anaweza kuitamka bila taabu kwa kuwa irabu zetu na zake zinakaribiana sana.

Wasioelewa tatizo hili kabisa ni watoto wa nyumba zilizochanganya damu, na Malindi na Watamu wako wengi. Mtoto wa namna hiyo ana bibi wa Kigiriama au wa Kibajuni upande mmoja na babu wa Kiitaliano upande wa pili. Asubuhi anamwambia bibi shikamoo. Babu anamwambia ciao, na yuko sahihi kabisa, maana kwa Waitaliano babu ni wa ngazi ya "tu". Kumwambia buongiorno kungemfanya mzee aulize amemkosea nini. Kisha babu huyo anatoka na fimbo yake kwenda kununua gazeti, na kijana wa barabarani anamwambia neno lilelile, na babu, akijibu ciao kama kawaida yake, anaanza kutafuta sarafu mfukoni.